SOMO LA MATUTA NA ARDHI: Jinsi ya Kupima Sababu Mbili kwa Jaribio Moja

Somo hili limeandikwa kwa ajili ya wasaidizi wa kilimo, viongozi wa vikundi vya wakulima, na kila mkulima ajuaye kujumlisha, kutoa, kuzidisha na kugawanya. Hapana hesabu ngumu kuliko hizo. Lakini yafaa kulisoma polepole, kalamu mkononi, na kuzifanya hesabu zote mwenyewe. Asomaye kwa macho tu atasahau kabla ya palizi ya kwanza.

1. KOSA LILILONIFUNDISHA

Miaka kadhaa iliyopita nilifanya shamba la maonyesho upande wa juu wa Bujora, katika ardhi ya luseni, yaani ile ardhi nyepesi ya mchanga iliyotokana na mawe makubwa ya huku kwetu. Nilipanda pamba katika matuta ya namna mbili. Mengine yalikuwa matuta ya wazi, ambayo maji ya mvua hupita katikati yake na kuteremka. Mengine yalikuwa matuta yaliyofungwa, yaani kila baada ya hatua mbili hivi tuliweka kizuizi cha udongo kati ya tuta na tuta, ili maji yasimame na kuzama ardhini. Mvua za mwaka ule zilikuwa chache. Pamba ya matuta yaliyofungwa ilistawi kuliko ile nyingine, na kila aliyepita njiani aliona.

Nilifurahi, nikaitisha mkutano. Nikawaambia watu wote, wa juu na wa chini: "Fungeni matuta." Mama mmoja mjane, ambaye shamba lake liko chini kabisa penye ardhi nyeusi ya mbuga, alilifunga shamba lake lote kwa jembe la mkono. Mwaka huo mvua ilinyesha sana. Maji yakasimama katikati ya matuta yake kwa siku nyingi, majani yakawa ya manjano, na miche mingi ikadumaa. Wakati wa kuchuma alipata kidogo kuliko mwaka uliotangulia, wala hakuwa na shamba jingine.

Nilipokwenda kumwona sikusikia maneno makali. Aliniambia hivi tu: "Bwana Shamba mwanangu, shamba ulilolipima si langu."

Neno lile ndilo somo lote la leo. Mimi nilikuwa nimejiuliza swali moja: je, kufunga matuta kuna faida? Yalinipasa kuuliza maswali matatu: je, ardhi ina tofauti, je, matuta yana tofauti, na je, matuta yanafanya kazi ile ile katika kila ardhi? Swali la tatu ndilo lililomgharimu mama yule pamba yake.

2. ASILI YA HESABU HIZI

Njia tutakayojifunza ilizaliwa shambani. Mwaka 1919 mtaalamu wa hesabu aitwaye Ronald Fisher aliajiriwa katika kituo cha utafiti wa kilimo cha Rothamsted, Uingereza. Kituo kile kilikuwa na daftari za mavuno ya miaka mingi, lakini ilikuwa vigumu kutenganisha kazi ya mbolea na kazi ya mvua, ya udongo, na ya bahati. Mwaka 1923 Fisher na mwenzake Mackenzie walichapisha hesabu za jaribio la viazi. Zilikuwa aina 12 za viazi, zilizopandwa penye samadi na pasipo samadi. Walitaka kujua kama aina mbalimbali za viazi huitikia mbolea kwa namna mbalimbali. Katika jaribio lile hawakuona dalili ya kutosha kwamba ndivyo. Lakini njia ya kulijibu swali lile imeenea duniani kote.

Hapa kwetu pia njia ya majaribio ya namna hii si ngeni. Kituo cha Ukiriguru, kilicho wilayani Misungwi, kusini ya mji wa Mwanza, kimefanya majaribio ya pamba tangu miaka ya 1930. Mwaka 1962 Peat na Brown walichapisha taarifa za majaribio ya Ukiriguru juu ya pamba inayotegemea mvua, wakilinganisha samadi, mbolea za viwandani, na kupumzisha ardhi. Kwa hiyo tunapofanya jaribio dogo Bujora tunafuata njia iliyokwisha kupitwa na wengine.

3. KUPANGA JARIBIO

Tuseme sasa twataka kulijibu swali la mama yule kwa haki. Tunazo sababu mbili.

Sababu ya kwanza ni ardhi. Ina hali mbili: luseni na mbuga.

Sababu ya pili ni matuta. Nayo ina hali mbili: wazi na yaliyofungwa.

Mbili mara mbili ni nne. Basi tunayo makundi manne: luseni wazi, luseni iliyofungwa, mbuga wazi, mbuga iliyofungwa. Kila kundi tulipe vipande vitatu, jumla vipande 12. Kila kipande kiwe na urefu wa mita 20 na upana wa mita 5, yaani mita 100 za mraba. Vipande 40 vya namna hii ni karibu ekari moja.

Yapo mambo manne yasiyosameheka.

(a) Marudio. Usiweke kipande kimoja tu kwa kila kundi. Kipande kimoja chaweza kuwa juu ya kichuguu cha zamani au mahali palipokuwa zizi la ng'ombe, nacho kikastawi kwa sababu hiyo tu. Ukiwa na kimoja tu huwezi kujua ni matuta au ni kichuguu. Vipande vitatu vya kundi moja vikitofautiana, tofauti hiyo ndiyo inayotuonyesha ukubwa wa bahati ya shamba.

(b) Kura. Katika kila ardhi uwe na vipande sita. Andika karatasi sita ndogo, tatu "wazi" na tatu "funga", uzikunje, uzitie katika kofia, kisha mtoto azitoe moja moja. Usichague kwa jicho. Jicho la Bwana Shamba lina upendeleo hata akiwa mtu mwema. Atayapeleka matuta anayoyapenda mahali penye rutuba bila kujijua.

(c) Mengine yote yawe sawa. Mbegu iwe moja, siku ya kupanda iwe moja, nafasi iwe moja, palizi na dawa za wadudu ziwe siku moja. Ukipalilia luseni Jumatatu na mbuga baada ya wiki mbili, umeongeza sababu ya tatu bila kuiandika.

(d) Kupima kwa uaminifu. Mistari ya pembeni isihesabiwe, maana hupata jua na nafasi zaidi. Chuma pamba ikiwa kavu, pima kwa mizani ile ile, andika siku ile ile. Wala usiifute namba usiyoipenda.

4. MAVUNO

Namba zifuatazo nimezitunga kwa ajili ya somo, nikachagua zile zilizo rahisi kujumlisha. Wewe utatumia za shamba lako. Ni kilo za pamba mbegu kwa kila kipande.

Luseni, matuta ya wazi: 5, 6, 7. Wastani 6.
Luseni, matuta yaliyofungwa: 9, 8, 10. Wastani 9.
Mbuga, matuta ya wazi: 10, 9, 11. Wastani 10.
Mbuga, matuta yaliyofungwa: 7, 6, 8. Wastani 7.

Jumla ya vipande vyote 12 ni kilo 96. Wastani wa shamba zima ni 96 kugawanya kwa 12, yaani kilo 8.

Sasa tufanye kama afanyavyo mtu mwenye haraka. Ataka kujua habari za matuta tu. Atajumlisha vipande sita vya wazi: 18 na 30 ni 48, wastani 8. Atajumlisha vipande sita vilivyofungwa: 27 na 21 ni 48, wastani 8. Nane kwa nane! Ataandika katika taarifa yake: "Kufunga matuta hakuna faida wala hasara," na mkulima wa luseni ataacha kufunga, apoteze kilo 3 katika kila kipande. Naye yule wa mbuga aliyekwisha kufunga ataendelea kupoteza kilo 3, kwa maana ameambiwa hapana hasara.

Wastani haukusema uongo. Umechanganya tu habari mbili zinazopingana mpaka zikafutana. Kwa hiyo hapana budi tuzitenganishe.

5. KUGAWANYA MTAWANYIKO

Fikiri juu ya fedha za kikundi. Mwisho wa mwaka mweka hazina hueleza kila shilingi imetumika wapi: hizi zilinunua mbegu, hizi dawa, na hizi zilizobaki ni matumizi madogo yasiyoelezeka. Sisi nasi tutafanya hivyo hivyo. Vipande vyetu havikutoa kilo 8 vyote. Vimetawanyika juu na chini ya 8. Twataka kujua mtawanyiko huo umeletwa na nini: ardhi, matuta, kuingiliana kwa hayo mawili, au bahati tu.

Hatua ya kwanza: mtawanyiko wote. Chukua kila kipande, toa 8, kisha jibu ulizidishe kwa lenyewe. Twalizidisha kwa lenyewe ili tofauti za chini na za juu zisifutane. Kipande cha kwanza: 5 kutoa 8 ni 3 upungufu; 3 mara 3 ni 9. Cha pili: 6 kutoa 8 ni 2 upungufu; 2 mara 2 ni 4. Endelea hivyo.

Luseni wazi: 9 + 4 + 1 = 14
Luseni iliyofungwa: 1 + 0 + 4 = 5
Mbuga wazi: 4 + 1 + 9 = 14
Mbuga iliyofungwa: 1 + 4 + 0 = 5
Jumla: 38

Hizi 38 ndizo "fedha" zetu zote. Sasa tuzigawanye.

Hatua ya pili: sehemu ya ardhi. Vipande sita vya luseni vina jumla ya 45, wastani 7.5. Vya mbuga vina jumla ya 51, wastani 8.5. Kila moja imetengana na 8 kwa nusu kilo. Nusu mara nusu ni 0.25. Vipande ni 12, basi 0.25 mara 12 ni 3. Sehemu ya ardhi ni 3.

Hatua ya tatu: sehemu ya matuta. Wazi wastani 8, yaliyofungwa wastani 8. Hapana utengano. Sehemu ya matuta ni 0.

Hatua ya nne: sehemu ya bahati, ambayo tutaiita mabaki. Hapa tunatazama ndani ya kila kundi. Vipande vitatu vya luseni wazi vilipata ardhi moja na matuta ya namna moja, lakini vilitoa 5, 6 na 7. Tofauti hizo hazikuletwa na ardhi wala matuta. Kutoka wastani wao wa 6, tofauti ni 1, 0 na 1; miraba yake ni 1 + 0 + 1 = 2. Makundi mengine matatu nayo yatakupa 2 kila moja. Nne mara mbili ni 8. Mabaki ni 8.

Hatua ya tano: sehemu ya mwingiliano. Tumekwisha kueleza 3 za ardhi, 0 za matuta na 8 za mabaki, jumla 11. Katika 38 zimebaki 27. Hizi 27 ndizo mwingiliano, yaani sehemu ambayo huwezi kuieleza kwa ardhi peke yake wala kwa matuta peke yake, ila kwa kuyatazama yote mawili pamoja.

Usiniamini kwa kutoa tu; tuihakiki. Kama mwingiliano usingekuwapo, luseni wazi ingepata 8, ikapunguza nusu kwa ajili ya luseni, wala isibadilike kwa ajili ya matuta: 7.5. Lakini ilipata 6. Imepungukiwa 1.5. Ukifanya hivyo kwa makundi yote manne, kila moja limetengana na lilivyotazamiwa kwa 1.5. Sasa 1.5 mara 1.5 ni 2.25, na 2.25 mara vipande 12 ni 27. Hesabu imekubali.

6. JE, NI KWELI AU NI BAHATI?

Kuwa na sehemu kubwa hakutoshi. Lazima tuilinganishe na bahati ya shamba. Kwa kazi hiyo twahitaji namba huru.

Namba huru ni rahisi kuelewa. Ukijua wastani wa vipande vitatu ni 6, ukaambiwa viwili ni 5 na 6, cha tatu hakina uhuru: lazima kiwe 7. Basi katika vipande vitatu viwili tu ni huru. Kwa kanuni hiyo:

Ardhi ina hali mbili: namba huru 1.
Matuta yana hali mbili: namba huru 1.
Mwingiliano: 1 mara 1 ni 1.
Mabaki: makundi manne, kila moja 2, jumla 8.
Vyote: vipande 12 kutoa 1, yaani 11. Nazo 1 + 1 + 1 + 8 ni 11.

Gawanya kila sehemu kwa namba zake huru. Ardhi 3 kwa 1 ni 3. Matuta 0. Mwingiliano 27 kwa 1 ni 27. Mabaki 8 kwa 8 ni 1. Kisha kila sababu uigawanye kwa ile ya mabaki. Jibu huitwa uwiano wa F. Herufi hii ilichaguliwa na mtaalamu wa Marekani, George Snedecor, kwa heshima ya Fisher.

Ardhi: F ni 3.
Matuta: F ni 0.
Mwingiliano: F ni 27.

Majedwali ya hesabu hutuambia mpaka. Kwa namba huru 1 na 8, mpaka ni 5.32. Maana yake: kama kweli hapana tofauti yoyote, bahati peke yake ingeleta uwiano uzidio 5.32 mara 5 tu katika majaribio 100. Mpaka mkali zaidi, wa mara 1 katika 100, ni 11.26.

Mwingiliano wetu ni 27. Umeipita mipaka yote miwili. Basi twasema bila kusitasita kwamba katika mashamba haya matuta hayafanyi kazi ile ile juu na chini.

Ardhi ni 3, haikufika 5.32. Hapa angalia sana ulimi wako. Usiseme, "Luseni na mbuga ni sawa." Sema, "Jaribio hili halikutosha kuonyesha tofauti ya wastani kati yao." Kutoona si sawa na kutokuwapo.

7. KANUNI YA KUSOMA MAJIBU

Tazama mwingiliano kwanza. Ukiwa mdogo, soma kila sababu peke yake, na ushauri wako waweza kuwa mmoja kwa watu wote. Ukiwa mkubwa, acha kusoma wastani wa sababu moja moja. Nenda ukatazame makundi.

Makundi yetu yasemaje? Katika luseni, kufunga kumeongeza kilo 3 kwa kipande. Katika mbuga, kufunga kumepunguza kilo 3. Ili kujua kama kilo 3 ni tofauti ya kweli, chukua mabaki yetu ya 1, zidisha kwa 2, gawanya kwa marudio 3: upate 0.667. Kipeo chake cha pili, yaani namba ambayo ikizidishwa kwa yenyewe huleta 0.667, ni 0.816. Zidisha kwa 2.306, namba ya jedwali kwa namba huru 8. Jibu ni 1.88. Tofauti yoyote kati ya makundi mawili ikizidi kilo 1.88, hatuiiti bahati. Zetu ni 3.

Kwa ekari moja, kilo 3 mara vipande 40 ni kilo 120 za pamba mbegu. Hiyo ndiyo faida ya mkulima wa juu akifunga, na hiyo ndiyo hasara ya mkulima wa chini akifunga. Si jambo la karatasi. Ni karo, ni bati, ni chakula cha mwezi wa Februari.

Sababu yake yaeleweka na kila anayejua udongo. Mchanga wa luseni hupitisha maji upesi. Yakiteremka juu ya ardhi yamepotea, na udongo mzuri huenda nayo. Kizuizi huyapa nafasi ya kuzama penye mizizi. Udongo mzito wa mbuga huyashika maji yenyewe, tena hupokea yale yanayoshuka kutoka juu. Ukiyafungia humo, mizizi hukosa hewa.

8. MIPAKA YA JARIBIO

Jaribio hili lina mipaka, na mtaalamu mwaminifu huitaja kabla hajaulizwa.

Kwanza, tuliweza kupiga kura juu ya matuta, lakini hatukuweza kupiga kura juu ya ardhi. Luseni iko pale ilipo. Kwa hiyo majibu ni ya mashamba mawili tuliyoyapima. Anayetaka kusema juu ya luseni yote ya Magu lazima arudie katika mashamba ya wakulima wengi.

Pili, mwaka mmoja ni mwaka mmoja. Mwaka wa mvua chache, kufunga matuta mbugani huenda kusilete hasara. Mwaka wenyewe ni sababu ya tatu. Rudia angalau misimu mitatu kabla ya kuitisha mkutano mkubwa.

Tatu, siku hizi kompyuta hufanya hesabu zote hizi kwa nukta chache. Itumie. Lakini kompyuta haijui kama ulipiga kura, wala haijui kama kipande cha tatu kilikuwa juu ya kichuguu. Itakupa F nzuri hata kwa namba mbaya.

9. ZOEZI

Kikundi kimejaribu mahindi katika vipande 12, kwa samadi na palizi. Hizi nazo ni namba za kujifunzia, kilo kwa kipande:

Bila samadi, palizi moja: 4, 5, 6
Bila samadi, palizi mbili: 6, 7, 8
Kwa samadi, palizi moja: 7, 8, 9
Kwa samadi, palizi mbili: 9, 10, 11

Tafuta mtawanyiko wote, kisha sehemu ya samadi, ya palizi, ya mwingiliano na ya mabaki. Kisha andika ushauri kwa mkulima katika mistari miwili.

Majibu: mtawanyiko wote 47, samadi 27, palizi 12, mwingiliano 0, mabaki 8. F ya samadi ni 27, ya palizi 12, ya mwingiliano 0. Hapa waweza kuwashauri wote kwa pamoja: samadi huongeza kilo 3 hata kwa aliyepalilia mara moja, na palizi ya pili huongeza kilo 2 hata kwa asiye na ng'ombe. Mwenye uwezo wa jambo moja tu na alifanye hilo, halitapotea.

10. MWISHO

Msimu uliofuata yule mama aliyafungua matuta yake, nami nikaenda kumsaidia kuchimba mfereji wa kutolea maji. Pamba aliyoipoteza sikuweza kumrudishia. Tangu siku ile, kabla sijasimama mbele ya mkutano, hujiuliza: nani katika watu hawa ana shamba ambalo sikulipima? Kisha huenda kulipima.

Nawe, msaidizi wa kilimo, ukiulizwa kama jambo fulani lina faida, usijibu upesi. Uliza kwanza: katika ardhi gani, ya nani, na mwaka gani? Kisha upange vipande vyako, upige kura, upime, na uhesabu.